Kilima cha Shilingi Mia Tatu na Hamsini

Nyansiongo, Borabu
Tarehe 9 Februari 2025

Kwa mjukuu wangu Nyamoita,

Nakusalimu mara ya kwanza, nakusalimu mara ya pili, na salamu ya tatu naiweka hapa mpaka uje uichukue mwenyewe. Sisi wazima. Nyanya yako analalamika juu ya goti la kushoto, na goti likipona atalalamika juu ya la kulia. Yule ng'ombe wa baka amezaa jike. Kanisani nimechaguliwa kusimamia ujenzi wa choo kipya, kwa kura zote isipokuwa moja, na hiyo moja ni ya rafiki yangu Makori.

Ninaandika kwa mkono wangu, usidhani nimesaidiwa. Cheti changu cha gumbaru, ile shule ya watu wazima, kiko ukutani. Mwalimu alisema katika wazee kumi na tisa aliofundisha hajaona mwandiko kama wangu. Kiswahili ndicho tulifundishwa kuandika, Ekegusii nikiandika herufi zinagombana. Na sikupigii simu kwa sababu simu ni ya kuulizana hali. Ubishi unataka karatasi, ndio kesho usiseme sikusema.

Sasa maneno yenyewe. Ile tableti uliniletea Desemba, yenye ile gemu ya Boma Langu, nimeishinda. Uliniachia ng'ombe wawili na shamba la mahindi kama kitambaa cha mezani. Leo nina ng'ombe arobaini na watatu, chai ekari tisa, na trekta jekundu. Makori amesomea kilimo chuoni, ana cheti chenye muhuri. Alikuja akatazama boma langu, akanyamaza. Huyo mtu hajanyamaza tangu nimjue.

Lakini iko shida. Nyuma ya mto, ndani ya gemu, kuna kilima. Nyuma ya kilima unaona vichwa vya migomba na moshi unapanda. Ni moshi wa kuni, mimi najua moshi. Kuna mtu anapika kule. Nikifika kwenye njia ya kupanda, linatokea kufuli kubwa la manjano, na maandishi: Kilima cha Pili, shilingi 350.

Nyamoita! Si ulinunua hii gemu? Ulilipa mbele ya macho yangu, mia sita. Nani anauza nyumba halafu anarudi kumwuzia mwenye nyumba mlango? Huo ni wizi wenye adabu. Nikasema hivyo mbele ya watu waliokuwa hapa kwangu kwa uji, watu kumi na mmoja. Makori akasema, "Mzee, wewe utalipa tu, hata mwezi hauishi." Basi nikaapa. Nikasema nitapanda hicho kilima bila kutoa hata senti, na siku nitakayolipa nitavaa kitambaa cha kichwa cha nyanya yako, niketi sokoni Nyansiongo pamoja na akina mama, niuze mboga za chinsaga kutoka asubuhi mpaka fungu la mwisho. Na mimi nikiapa, unanijua.

Wewe unafanya kazi ya kompyuta huko. Hao watu lazima unawajua. Waambie waondoe kufuli.

Barua hii nampa Abdirizak wa duka la simu pale Kisii mjini, ndugu yake huja huko Nairobi kuchukua mizigo. Jibu kwa njia hiyo hiyo.

Mimi babu yako,
Angwenyi


Umoja, Nairobi
2 Machi 2025

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa choo na ile kura moja. Nimefurahi hadi wenzangu wa nyumba wakaja kuuliza kuna nini. Barua yako ilifika ndani ya sanduku la vifuniko vya simu, inanuka plastiki, lakini kila neno lilisomeka. Mwambie Nyanya nimepata dawa ya kupaka ya goti, nitaituma. Huku mvua imekataa kuja, na maji ya bomba yanatutembelea Jumanne na Ijumaa. Kazi inaendelea vizuri.

Ng'ombe arobaini na watatu! Babu, wengi huachia njiani wakiwa na kumi na tano.

Sasa nikubishie, kwa sababu umesema unataka karatasi. Ile mia sita ilinunua boma lote: mto, soko, trekta, misimu yote minne. Hakuna mlango uliokosekana. Unaweza kucheza miaka mitatu bila kukanyaga kile kilima na gemu isikupungukie kitu. Kilima kilitengenezwa baadaye, baada ya boma kwisha. Kuna watu walikaa miezi minane wakichora kila jani. Miezi minane walikula nini? Ukijenga nyumba ya pili pale kwako, mpangaji wa nyumba ya kwanza ataipata bure?

Hao watu nawajua kidogo. Si wezi. Kufuli siwezi kuliondoa mimi.

Na tafadhali, kile kiapo. Unaweza kukirudisha? Nyanya anajua kama umeahidi kitambaa chake?

Nakupenda sana,
Nyamoita


Nyansiongo
Tarehe 30 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Nakusalimu tena na tena. Dawa ilifika. Goti limepona, sasa ni mgongo. Choo kimefika kwenye dirisha, na ni choo kizuri mpaka mchungaji amesema atakihubiri. Ndama wa baka tumemwita Nyasani, kwa sababu ana macho ya yule mzee Nyasani aliyekuwa karani wa kiwanda cha chai.

Kiapo hakirudishwi. Kiapo si ng'ombe wa kurudisha ukiona hana maziwa.

Barua yako nimesoma mara nne. Hiyo hesabu ya nyumba ya pili ilinisumbua siku mbili, nakubali, kwa sababu mimi si mtu wa kukataa hesabu. Halafu nikapata dawa yake. Nikajiambia, kama kilima kilijengwa kwa jasho, basi kitafunguliwa kwa jasho. Nikaita egesangio.

Wewe umekaa mjini, pengine umesahau. Egesangio ni vile tunalima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, wote pamoja, na mwenye shamba anapika uji. Nikaita kumi na mmoja wale wale. Ogeto alishika maziwa, kwa sababu ana vidole vyembamba. Mke wa Ogeto alishika chai. Makori nilimpa kuku, akakasirika, akashika kuku. Tukapokezana tableti tangu wakati wa kukamua mpaka jua kuzama, siku kumi na saba, isipokuwa Sabato. Uji peke yake ulimaliza gunia la wimbi. Kuna chai yangu ya kweli ilikomaa shambani hakuna wa kuichuma, lakini hayo maneno usimwambie nyanya yako kwamba nimeandika.

Tukapata sarafu za ndani ya gemu elfu tisini na sita! Watu wakaimba. Nikavaa koti. Nikampeleka yule mtu wangu mdogo wa ndani ya gemu mpaka kwenye kufuli, nikabonyeza, wote wamesimama nyuma ya kiti changu.

Ikaandika: Sehemu hii hainunuliwi kwa sarafu za boma.

Nyamoita, nilihisi kama nimefukuzwa kwa mtu wakati chakula kinapakuliwa. Makori alicheka mpaka akaketi chini kwenye kinyesi cha kuku, kuku wangu wa kweli. Jasho la watu kumi na mmoja halitoshi? Ni karatasi ya serikali peke yake wanaijua?

Mimi nimekulia Nyamache, na soko la Nyamache nalijua. Yule mama wa maharagwe anakupimia gorogoro, halafu anatia mkono, anakuongezea konzi moja juu, mpaka linamwagika. Hiyo ndiyo nyongeza. Haombi kitu. Hao rafiki zako wamechukua ile konzi ya mwisho wakaitia kufuli. Waulize mama zao waliwalea wapi.

Angwenyi, ambaye hatalipa


Umoja, Nairobi
11 Aprili 2025

Babu,

Hamjambo wote? Hii ni fupi, ndugu yake Abdirizak anaondoka saa hii na injini inanguruma nje.

Kama tableti imefungwa na inaandika kwamba akaunti inachunguzwa, usiitupe chini. Mashine za kampuni ziliona mtu mmoja wa Nyansiongo anayekamua ng'ombe saa kumi na tatu kwa siku bila kupumzika mkono, kwa siku kumi na saba. Zikasema huyu si binadamu. Zikasema ni roboti iliyotumwa kuiba sarafu. Kulikuwa na mkutano, Babu. Mkutano mzima juu yako! Wakubwa walikuwa wanauliza roboti gani hii inayopumzika Jumamosi. Nikalazimika kusimama mbele ya watu na kueleza egesangio ni nini. Jumatatu itafunguliwa.

Juu ya maharagwe: yule mama akikuongezea konzi, ni maharagwe ya gunia lile lile. Ukimwambia akujazie gorogoro la pili, atakujazia bure? Kilima ni gorogoro la pili.

Lakini ile ya kufukuzwa wakati chakula kinapakuliwa nimeisoma mara nyingi.

Nyamoita


Nyansiongo
Tarehe 4 Mei 2025

Kwa Nyamoita,

Salamu nyingi kama majani ya chai msimu huu, kwa sababu mvua huku ni ya kutosha na tumechuma mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Nyanya yako mzima kabisa na hataki kukubali. Choo kimefunguliwa kwa sala. Mimi ndiye niliingia wa kwanza.

Tableti imefunguka. Nimetangaza kanisani kwamba kule Nairobi mashine ilitazama kazi yangu ikasema binadamu hawezi kufanya hivi. Nimemwomba Ogeto aniandikie hayo maneno kwa rangi, niyaweke kando ya cheti cha gumbaru.

Gorogoro la pili nimelifikiria. Sawa, gorogoro la pili ninalipa. Lakini gorogoro la pili la huyo mama liko ndani ya gunia, limenyamaza. Haliji nyumbani kwangu kila asubuhi likisimama mbele ya macho yangu na taa ya manjano, likiwaka likizima, likisema nunua, nunua. Mama akifanya hivyo tutasema ana wazimu. Hapo nimekushika, mjukuu wangu. Sema kama sijakushika.

Sasa nikwambie habari ya Makori. Shika kitu.

Jumanne mke wake alikuja hapa na simu ya Makori mkononi, amefura kama mandazi. Akaniambia, "Baba, huyu rafiki yako anatuma pesa wapi? Hamsini, hamsini, hamsini. Ni mwanamke gani anahongwa hamsini hamsini?" Makori akaja nyuma yake anakimbia, kofia mkononi. Tukamweka kwenye kiti. Akakataa kusema. Mke wake akamwambia, "Basi nitaipigia hiyo namba nimsalimie mwenzangu." Ndipo akasema.

Makori ameweka Boma Langu kwenye simu yake! Kwa siri! Tangu Februari! Na kule ndani kuna kitu kinaitwa Kasha la Bahati. Unatoa hamsini, kasha linafunguka, huambiwi kilichomo. Ukibahatika ni fahali mwenye pembe za dhahabu. Yeye alitaka huyo fahali ili aje anionyeshe. Amefungua makasha thelathini na moja. Unajua amepata nini? Kofia za mbuzi. Kofia kumi na tisa za mbuzi, na ana mbuzi wawili.

Nilicheka, Nyamoita. Nyanya yako alitoka jikoni akidhani ninakufa. Nilicheka na mke wa Makori naye akacheka, na mwisho Makori mwenyewe.

Lakini walipoondoka nilibaki nimeketi, na kicheko kikaisha. Huyo mtu amesomea kilimo. Hata ndama hanunui bila kumfungua mdomo ahesabu meno. Wamemfanya nini mpaka akanunua kitu kilichofunikwa mara thelathini na moja? Makori ni wangu kumcheka. Si wao.

Kwa hiyo nataka jibu la maandishi. Mtu wa kasha na mtu wa kilima, ni mtu mmoja ama ni wawili? Na huyo wa kilima anaitwa nani, wa nyumba gani? Mara tatu umeniandikia "kuna watu", "hao watu", "wakubwa". Nataka jina.

Babu yako,
Angwenyi


Nyansiongo
Tarehe 8 Juni 2025

Nyamoita,

Salamu. Hujajibu. Abdirizak anasema barua ilifika. Nyanya yako anasema nimekuudhi. Mimi siamini, kwa sababu sijawahi kumwudhi mtu.

Angwenyi


Umoja, Nairobi
22 Juni 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Hujaniudhi. Natumaini Nyanya, Ogeto na ndama Nyasani ni wazima, na kwamba Makori analala nyumbani kwake. Mimi niko salama. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nikaishia kwenye salamu.

Ni watu wawili. Mtu wa kasha simtaji, ni mwenzangu wa ofisini, naye ana watoto.

Mtu wa kilima anaitwa Nyamoita, wa nyumba ya Angwenyi.

Nilikwambia nafanya kazi ya kompyuta ukadhani natengeneza zilizoharibika, nikakuacha udhani hivyo. Ninachora. Gemu ya Boma Langu inatoka ofisini kwetu, tuko watu tisa. Boma lilichorwa na wengine kabla sijaajiriwa. Kilima ni kazi yangu ya kwanza ya peke yangu, tangu njia ya kupanda hadi jani la mwisho. Nilikuletea ile tableti ili siku moja ukipande mwenyewe bila kuambiwa ni cha nani. Kisha barua yako ya kwanza ikasema ni wizi wenye adabu. Ningeanzaje?

Kila mtu akilipa ile mia tatu na hamsini, sehemu yake inakuwa mshahara wangu. Kodi ya chumba hiki. Dawa ya goti. Watu wasipokinunua, hakuna kilima cha tatu, na pengine hakuna Nyamoita wa kuchora. Sikuiba, Babu. Nililima.

Lakini kuna mambo umenishinda na ni haki niyaandike. Nilipeleka barua yako kwenye mkutano. Mkuu wetu anaitwa Fardosa, amezaliwa dukani Kisii mjini, babake aliuza vitambaa pale, na wewe ungempenda kwa sababu habembelezeki. Nikamsomea habari ya kofia kumi na tisa. Alicheka mpaka akavua miwani. Nikasoma pale uliposema hata ndama hanunuliwi bila kuhesabiwa meno. Akavaa miwani. Akasema babake asingemwuzia mtu kitambaa kilichofungwa ndani ya gazeti. Kuanzia Julai kila kasha litaonyesha kilichomo kabla ya mtu kulipa. Niliomba yaondolewe kabisa, nikakataliwa, kwa sababu ndiyo yanayolipa umeme wa ofisi. Bado nitaomba. Na ile taa ya manjano imezimwa. Kufuli sasa liko pale chini kwenye njia, dogo, halimsumbui asiyelitafuta.

Fardosa amesema jambo jingine. Kwa ajili ya egesangio, amenipa namba ya siri ya kukufungulia kilima bure. Iko kwenye kikaratasi nilichobana hapa nyuma. Inafanya kazi mara moja tu. Iandike, utapanda, na kiapo chako kitabaki kizima. Makori atafunga mdomo.

Kilicho nyuma ya kilima siwezi kukwambia. Ukiona hakikufai, niandikie. Nitasubiri.

Nyamoita


Nyansiongo
Tarehe 13 Julai 2025

Kwa Nyamoita wa nyumba ya Angwenyi, mchoraji,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Huku hakuna mgonjwa hata wa kusingizia. Nyanya yako alisomewa barua yako mara tatu, akasema yeye alijua siku nyingi. Nikamwuliza alijuaje. Akasema, "Mtoto aliyekuwa anachora kwenye kuta zangu kwa makaa utegemee atatengeneza redio?" Kwa hiyo mimi peke yangu ndiye sikujua, na mimi ndiye mwerevu wa hii nyumba.

Kile kikaratasi nilikishika siku nzima. Ogeto akasema andika, mzee, ni bure, na kiapo kiko salama. Nikakaribia kuandika, nisikudanganye. Halafu nikakumbuka neno lako, nililima. Nyamoita, ni nani amewahi kuchuma chai yangu nikamwambia asante, nenda nyumbani? Hata wewe ulipokuwa mdogo, ukichuma kikapu kimoja cha majani mabaya, nilikulipa. Sasa mjukuu wangu amelima miezi minane, mimi nipite juu ya jasho lake bila kulipa kwa sababu nilisema maneno makubwa mbele ya uji? Watu wengine ningewakatalia mpaka kaburini. Lakini shamba lina mwenyewe, na sasa namjua.

Nililipa. Mia tatu na hamsini, kwa simu yangu, mimi mwenyewe nikibonyeza. Kikaratasi nilimpa Makori. Nikamwambia, "Chukua, fidia ya kofia." Akauliza, "Kwa hiyo umelipa?" Nikasema nimelipa. Akasema, "Siku ya soko ni kesho kutwa."

Basi nikaenda. Nyanya yako alinifunga kile kitambaa cha maua mekundu kwa mikono yake, akakaza sana, nadhani kwa ajili ya mambo ya zamani. Niliketi katikati ya akina mama na mafungu thelathini ya chinsaga. Nyansiongo yote ilikuja. Watu walishuka kwenye pikipiki ili watazame. Mchungaji alinunua mawili, akashindwa kuniangalia usoni. Makori alinunua matano na akaomba kupigwa picha na mimi. Nikamwambia picha ni shilingi hamsini, na yeye anaona kilichomo kabla ya kulipa. Saa nne asubuhi sikuwa na hata jani! Mama mmoja ameuza pale miaka ishirini, amesema hajaona mtu anamaliza mapema hivyo. Ameniuliza kama nitarudi wiki ijayo. Nafikiria.

Mambo ya kasha bado hayajaisha. Mwambie Fardosa umeme ulipwe kwa njia ingine, ama nitakuja mimi, na kiapo kingine ninacho.

Sasa kilima.

Nilipanda jioni ile ile ya soko, watu wakiwa wamejaa hapa. Mtu wangu mdogo akafika juu, migomba ikafunguka. Mimi nikaona soko la Nyamache. Si la sasa lenye mabati na simu. Ni lile. Lile nililoacha nikiwa na miaka kumi na tano, tulipokuja huku Borabu na baba. Njia ya udongo mwekundu inateremka, unapita mawe matatu, unakunja kushoto. Nikasema moyoni, akikunja kushoto nitajua. Akakunja kushoto. Nyumba ya mama yangu iko pale. Hiyo nyumba ilibomolewa, wajomba wakapanda chai juu yake, hakuna picha yake hata moja duniani. Na moshi unatoka kwenye paa la nyasi upande wa nyuma, kama ulivyokuwa unatoka.

Wewe hukuwahi kuiona. Wewe ulikuwa unaketi karibu yangu ukichambua mawe kwenye maharagwe, mimi naongea, na mimi nilidhani husikii.

Kuna makosa. Mlango ulitazama bondeni, wewe umeutazamisha njiani. Jogoo alikuwa mweupe. Na mama hakuwahi kuweka chungu upande huo wa moto, angekukemea. Ukija Agosti nitakuonyesha kwa kuchora mwenyewe, na mkono wangu unaujua.

Watu wote walikuwa wananiuliza, mzee, ni nini, umeona nini. Nikamwingiza yule mtu mdogo mlangoni, akainama, kwa sababu mlango ni mfupi, hapo hukukosea. Nikamketisha karibu na moto. Nikaweka tableti magotini, sikubonyeza kitu tena.

Ogeto akaniambia, "Mzee, ng'ombe wako kule ng'ambo ya mto wanalia, hawajakamuliwa."

Nikamwambia waache walie kidogo, mimi niko kwa mama.

Babu yako,
Angwenyi